Namna ya Kuliingiza Jina Lisilojulikana katika Sentensi ya Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Wanaoandika Barua Bukavu

Kila wiki hurudi mezani pangu, karibu na soko la Kadutu, barua za aina moja. Mwenye barua ameandika Kiingereza cha kuridhisha na vitenzi vimekaa mahali pake, lakini jibu limekuja likimwita mwanamke bwana, au likiuliza watu watatu waliotajwa ni akina nani ilhali aliyetajwa ni mmoja. Sarufi aliyojifunza shuleni haina lawama hapo; jina ndilo lililomponza.

Hapa Bukavu jina hufanya kazi kubwa bila msaada. Ukisema Nabintu, jirani anajua kwamba unamzungumzia mwanamke, na anakisia hata upande wa kwao. Ukisema Kahuzi, hakuna anayeuliza kama ni mtu au mlima. Msomaji wa London au wa Toronto hapati lolote katika majina hayo, kwa sababu kwake ni herufi tu. Yote ambayo jina huyabeba hapa nyumbani, kule hayana budi kubebwa na sentensi inayolizunguka, na hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Hati ya utambulisho ya kila mtu atakayetajwa: pasipoti ikiwapo, na isipokuwapo, kadi ya mpiga kura.
- Karatasi tupu na kalamu. Anayeanza moja kwa moja kwenye simu hurekebishiwa majina na simu kabla hajayaona.
- Orodha ya majina yote, ya watu na ya mahali, kila moja likiwa limeandikwa mara moja kwa tahajia ya hati.
- Msomaji mmoja asiyemfahamu mwenye barua. Kazi yake iko mwishoni.

## Hatua ya 1: Amua jina la ukoo ni lipi

Kadi zetu zina majina matatu: "Nom", "Postnom" na "Prénom". Fomu ya Kiingereza kwa kawaida ina nafasi mbili, "First name" na "Surname", na pengine ya tatu, "Middle name". Tuchukue mfano wa kubuni: "Nom" ni Bisimwa, "Postnom" ni Mugisho, na "Prénom" ni Patient. Kwenye fomu, "First name" ni Patient, "Middle name" ni Mugisho, na "Surname" ni Bisimwa. Ndani ya sentensi mtu huyu ataitwa "Patient Mugisho Bisimwa", kwa sababu msomaji wa Kiingereza hulichukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo.

Mwenye pasipoti asikisie. Atazame mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha. Mstari wa kwanza huanza kwa herufi P, kisha hufuata COD, ambayo ni alama ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha jina la ukoo, kisha alama mbili za namna hii: <<. Lililo kabla ya alama hizo mbili ndilo jina la ukoo kwa mashine za mipakani, na yaliyo baada yake ni majina mengine. Mpangilio huo ukitofautiana na ulivyozoea kuitwa nyumbani, fuata pasipoti, maana faili lako litalinganishwa nayo.

Jihadhari na mazoea ya Kifaransa ya kuandika "BISIMWA Mugisho Patient". Msomaji wa Kiingereza ataona jina la ukoo ni Patient, na jibu litaanza kwa "Dear Mr Patient". Ukilazimika kutanguliza jina la ukoo, liwekee koma: "Bisimwa, Patient Mugisho". Koma hiyo ndiyo inayomwambia msomaji kwamba mpangilio umegeuzwa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalitegemei. Kwetu mtoto anaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo na ya baba yake, wakati msomaji wa Uingereza au wa Marekani hutarajia watu wa nyumba moja wawe na jina moja la ukoo. Barua ikihusu familia, uhusiano utajwe kwa maneno kila mara: "Patient Mugisho Bisimwa, the father of Furaha Nabintu". Usipoutaja, faili hubaki na watu wawili wasiohusiana.

Hatua hii imefaulu ikiwa jibu litakalokuja litaanza kwa "Dear Mr Bisimwa".

## Hatua ya 2: Mtambulishe mwenye jina pale anapotajwa mara ya kwanza

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sentensi kama "Nshokano will help the project" haina kosa la sarufi, lakini haimwambii msomaji kama Nshokano ni mtu, kijiji au chama cha ushirika. Tiba yake ni maelezo mafupi yanayowekwa papo hapo baada ya jina, kati ya koma mbili:

"Esther Nshokano, a nurse from Kadutu, will help the project."

Sasa msomaji anajua kwamba ni mtu, anajua kazi yake na anakotoka. Koma ya pili ni ya lazima. Waandishi wengi hukumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili, nayo sentensi huwa kama mlango uliofunguliwa usifungwe: "Esther Nshokano, a nurse from Kadutu will help the project" humfanya msomaji adhani unamwita Esther na kumpa habari za muuguzi mwingine.

Usione aibu kueleza. Hata watu mashuhuri huelezwa namna hiyo: "Denis Mukwege, a gynaecologist from Bukavu, received the Nobel Peace Prize in 2018 together with Nadia Murad." Ikiwa aliyepata Tuzo ya Nobel anatambulishwa kwa maneno manne, mwombaji wa ufadhili wa masomo hana sababu ya kujiona kwamba anajieleza kupita kiasi.

Mahali nako kuelezwe. "She lives in Kadutu" haitoshi; "She lives in Kadutu, a commune of Bukavu" inatosha. Usiongeze historia ya mtaa.

Ikiwa utaitwa kwenye mahojiano kwa simu au kwa video, ongeza namna ya kulitamka jina. Jina Ciza ni mfano mzuri. Sisi tunasoma herufi C kama "ch", lakini Mwingereza atasoma kama "s". Wapo wanaobadili tahajia na kuandika Chiza ili kumsaidia mgeni, na papo hapo barua haifanani tena na hati. Acha jina kama lilivyo, kisha andika: "My surname is Ciza, pronounced CHEE-za." Herufi kubwa zinaonyesha silabi inayotiwa mkazo.

## Hatua ya 3: Koma moja na idadi ya ndugu zako

Linganisha sentensi hizi mbili:

"My brother Bahati lives in Nairobi."

"My brother, Bahati, lives in Nairobi."

Ya kwanza inamchagua Bahati kati ya kaka kadhaa. Ya pili, kwa koma zake, inasema kwamba unaye kaka mmoja tu na kwamba jina lake ni Bahati. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kuiona tofauti hiyo kwa urahisi, lakini mkaguzi wa maombi ya viza huiona. Kijana mmoja niliyemchapia barua alikuwa ameweka koma hizo mwenyewe, nami sikuziondoa kwa kuwa sikuuliza. Kwenye fomu iliyofuata aliandika kaka wanne, na akaandikiwa aeleze ni lipi lililo kweli. Alirudi akaniambia, "Papa, mimi sikudanganya." Kweli hakudanganya, uzembe ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo humuuliza kila anayekaa kwenye kiti changu: mko wangapi kwenu?

Swali hilo huleta la pili. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako, na hapa hakuna atakayekupinga, lakini "brother" kwa msomaji huyo ni mliyezaliwa naye kwa baba au mama mmoja. Mtoto wa baba mdogo au wa shangazi aandikwe "my cousin", hata kama mmekulia kitanda kimoja. Hupunguzi upendo kwa kufanya hivyo. Unazuia faili lisijipinge.

## Hatua ya 4: Chagua "he" au "she" na ushikilie

Kiswahili husema "yeye" bila kuuliza jinsia. Kifaransa huuliza, lakini katika "son" na "sa" hutazama kitu kinachomilikiwa, wala si mwenye kukimiliki. Mtu aliyelelewa na lugha hizo mbili huandika "Nabintu and his brother" akiamini yuko sahihi, kwa kuwa kaka ni mwanamume. Kiingereza hutazama mwenye kumiliki: Nabintu ni mwanamke, basi ni "her brother", na pia "her father" na "her house".

Kwa jina ambalo msomaji halijui, neno "she" au "her" ndilo ushahidi wake wa pekee kuhusu jinsia. Kwa hiyo liwekwe mapema, ikiwezekana katika sentensi ileile ya kwanza: "Esther Nshokano, a nurse from Kadutu, began her training at the age of nineteen." Baada ya kumaliza barua, pitia kila "he", "his", "him", "she" na "her" kwa kidole, ukijiuliza mwenyewe ni nani. "His" moja iliyopotea katika ukurasa wa pili inatosha kumrudisha msomaji mwanzo.

## Hatua ya 5: Vyeo

Vyeo "Mr", "Mrs", "Ms" na "Dr" hukaa mbele ya jina la ukoo, au mbele ya jina zima, na kamwe si mbele ya jina la kwanza peke yake. Sisi tunasema Dokta Denis kwa heshima. Katika Kiingereza rasmi ni "Dr Mukwege" au "Dr Denis Mukwege". Kwa mwanamke, "Ms" hukuokoa usitangaze kama ameolewa au hajaolewa. Waingereza huandika "Mr" bila nukta, Wamarekani huweka nukta. Chagua mtindo mmoja kwa barua nzima.

Vifupisho vya Kifaransa visiingie. "M. Bisimwa" haitasomwa kama Bwana Bisimwa, bali kama mtu ambaye jina lake la kwanza linaanza kwa herufi M. Kibaya zaidi ni kumtafsiri wakili anayeitwa "Maître" kuwa "Master Mugisho", kwa maana "Master" mbele ya jina ni namna ya kizamani ya kumtaja mtoto wa kiume. Mzee wa mahakamani hugeuka mvulana wa shule ya msingi. Andika "Mr Mugisho, a lawyer". Mhandisi naye aandikwe "Mr Mugisho, an engineer", kwa sababu "Engineer" haitumiki kama cheo mbele ya jina nchini Uingereza wala Marekani.

Neno Mwami linabaki kama lilivyo, likifuatwa na maelezo mara ya kwanza: "the Mwami, the traditional ruler".

## Hatua ya 6: Majina ambayo pia ni maneno

Tunayo majina mengi ya kwanza ya Kifaransa ambayo, yakiingia katika Kiingereza, huvaa nguo nyingine: Patient, Innocent, Prince. Soma sentensi hii kama mtu asiyetujua: "Patient works at the hospital." Itaonekana kwamba mgonjwa ndiye anayefanya kazi hospitalini na kwamba mwandishi amesahau kuweka "the". Na hii: "Innocent Bisimwa was arrested." Msomaji ataelewa kwamba Bisimwa alikamatwa bila hatia, jambo ambalo huenda hukukusudia kulisema, hasa katika ripoti.

Tanguliza cheo, kwa kuwa cheo huonyesha kwamba kinachofuata ni jina: "Mr Innocent Bisimwa was arrested". Au tumia jina la ukoo pekee kama limekwisha kutambulishwa. Usianzishe kamwe sentensi kwa jina la namna hii likiwa peke yake, kwa sababu mwanzoni mwa sentensi kila neno huwa na herufi kubwa, na herufi kubwa ndiyo iliyokuwa ikitusaidia kulitofautisha jina na neno la kawaida.

Majina ya Kiswahili yana hatari yake. Furaha, Zawadi, Amani na Bahati hayatafsiriwi. Aliyebatizwa Furaha hawi Joy kwa sababu barua inakwenda Kanada. Programu za kutafsiri hazilijui hilo: ukiipa "Furaha amefika" inaweza kukurudishia habari za shangwe iliyowasili. Mwenye kutumia programu hizo aandike X1 mahali pa jina la kwanza na X2 mahali pa jina la pili, atafsiri, kisha arudishe majina kwa mkono.

## Hatua ya 7: Milima, maziwa na neno "the"

Kifaransa hututia mazoea ya kuweka kibainishi mbele ya majina mengi ya mahali, ndiyo maana husomwa "the Kivu" na "the Lake Kivu". Kiingereza kina desturi yake, nayo haina budi kukaririwa kwa mifano. Ziwa moja, mlima mmoja na kisiwa kimoja havichukui "the": "Lake Kivu", "Mount Kahuzi", "Idjwi Island". Mito na safu za milima huchukua: "the Ruzizi River", "the Virunga Mountains". Jimbo halichukui, "South Kivu", lakini nchi yetu huchukua: "the Democratic Republic of the Congo", na kwa kifupi "the DRC".

Tazama pia mahali neno la aina linapokaa. "Lake" na "Mount" hutangulia jina. "River" na "Island" hulifuata. Usiache neno hilo mara ya kwanza, kwa sababu bila "River" msomaji hajui Ruzizi ni mto, mtaa au kampuni.

Vihusishi navyo vina mitego. Kisiwani ni "on": "She was born on Idjwi." Mjini ni "in": "She works in Bukavu." Na mji ulio ufukweni huwa "on" ziwa: "Bukavu lies on Lake Kivu." Ukiandika "in Lake Kivu" umeuzamisha mji mzima, pamoja na msomaji wako.

Anwani ya posta iachwe kama inavyoandikwa hapa. "Avenue Patrice Lumumba" ibaki hivyohivyo. Anayeleta barua anaisoma kwa Kifaransa.

## Hatua ya 8: Ritifaa, wingi na "a"

Kumiliki huonyeshwa kwa ritifaa na s: "Bahati's diploma". Jina lililoishia kwa s nalo huongezewa, "Thomas's diploma", ingawa wapo wanaoweka ritifaa peke yake. Wingi hauna ritifaa: familia ya Bisimwa ni "the Bisimwas", na nyumba yao ni "the Bisimwas' house". Jina lililoishia kwa o halipewi es, basi ni "two Mugishos".

Usiweke "a" mbele ya jina la mtu unayempendekeza. "A Mr Bisimwa came to my office" ina maana ya mtu fulani aitwaye Bisimwa ambaye mwandishi hamjui, na katika barua ya kumpendekeza mtu hilo humharibia. Na kama utajikuta unajiuliza ni "a Nshokano" au "an Nshokano", kwa kuwa kila msomaji atalianza jina hilo kwa sauti yake, vunja sentensi na uiandike upya. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya jambo hilo hapa mezani.

## Hatua ya 9: Mtajo wa pili na inayofuata

Ukishamtambulisha mtu kwa jina zima, mtaje kwa jina moja hadi mwisho. Ripoti na habari hutumia jina la ukoo peke yake: "Mukwege founded Panzi Hospital in 1999." Barua rasmi hutanguliza cheo: "Ms Nshokano". Mwalimu wa insha alitufundisha tusirudie neno moja, na kwa maneno mengine alikuwa na haki, lakini mwandishi anayeandika "Bisimwa" katika aya ya kwanza, "Patient" katika ya pili na "Mr Mugisho" katika ya tatu amezaa watu watatu. Msomaji asiyejua majina yetu hawezi kuwaunganisha.

## Hatua ya 10: Jaribio la X

Nakili barua, kisha futa kila jina la nadra na uandike X mahali pake. Mpe yule msomaji asiyemfahamu mwenye barua, umuulize: X wa kwanza ni mtu au mahali? Ni mwanamume au mwanamke? Anahusianaje na mwandishi? Wametajwa watu wangapi? Iwapo atajibu yote bila kukuuliza wewe, sentensi zako zimebeba mzigo. Asipoweza kujibu, rudi kwenye hatua inayohusika, na mara nyingi utakuta ni ya 2 au ya 9.

Mwisho, rudisha majina, na kabla ya kutuma yalinganishe na ile orodha ya karatasi herufi kwa herufi, kwa sababu kompyuta huyapigia mstari mwekundu na mkono wa mwandishi mchovu huikubalia marekebisho. Bofya jina lililopigiwa mstari na uliongeze kwenye kamusi ya kompyuta, halitapigiwa tena. Kisha tazama jina la faili lenyewe, maana juzi mama mmoja alitunza barua yake safi kabisa, isiyo na kosa lolote, na kuituma ikiwa imeandikwa juu yake "Mr_Nabintu_final".